Jumanne Haifutiki

12 Februari

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima na kazi mpya inakwenda. Sisi huku hatujambo, ila mashine yangu ya kuranda imeanza kukohoa, na mama yako mkubwa naye anakohoa tangu Ijumaa lakini hataki kuitwa mgonjwa. Bibi yako yuko kwetu mwezi huu. Mwezi ujao atahamia kule kwenu, kama kawaida, na sanduku lake, redio yake na ile mito yake mitatu. Anakusalimu. Anasema unaandika herufi ndogo mno, ukiandika tena uyahurumie macho ya watu.

Usishangae kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yangu hupokelewa na mama yako mkubwa kabla haijalia mara ya pili. Barua hii naipeleka mwenyewe stendi ya basi, na majibu uyatume kwa jina la karakana, si nyumbani.

Nina swali dogo. Si langu. Kuna rafiki yangu, seremala mwenzangu, humjui. Kama wenye magari wote, alibandikiwa kile kibandiko chenu cha tozo, cha mawimbi ya redio, kwenye kioo cha mbele, na sasa akifika kwenye lango la tozo kizuizi kinanyanyuka chenyewe. Hasimami, hatoi mkono dirishani. Hapo hana ugomvi. Ugomvi ni kwamba kila akipita, simu inapata ujumbe: gari fulani limepita lango fulani, saa fulani na dakika fulani. Na siku ya kujiandikisha simu ya rafiki yangu ilikuwa imekwisha chaji, kwa hiyo akaandikisha namba ya mkewe.

Sasa anauliza kama kuna mtu hapo ofisini kwenu anayeweza kufuta safari chache. Si nyingi. Ni za Jumanne tu, Lango la Nne, tangu Oktoba.

Ni rafiki tu. Mimi namuulizia.

Baba yako mkubwa


20 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nimefurahi kupata barua, ya kwanza tangu nihamie huku. Bahasha ilikuwa na vumbi la mbao ndani, nikaona kama nimesimama mlangoni kwako. Mimi ni mzima. Chumba changu ni kidogo, kitanda kikifika mwisho na mlango unaanza, lakini dirisha ni kubwa na mwenye nyumba hana maneno. Mwambie Bibi nimeongeza herufi. Mwambie Mama Mkubwa anywe dawa hata kama haumwi.

Kazini wamenikalisha dawati la mabishano. Mtu akisema hakupita langoni na mashine ikasema alipita, faili linakuja kwangu. Kwa hiyo swali la rafiki yako limefika mahali pake, na jibu ni kwamba haiwezekani. Sikatai kusaidia. Haiwezekani kwa mtu yeyote.

Zamani kila lango lilikuwa na karani na daftari lake, na karani ni binadamu. Siku hizi antena ikisoma kibandiko, ile safari inaandikwa papo hapo kwenye madaftari manne yanayofanana: moja kwetu, moja benki, moja mamlaka ya barabara, moja chama cha wenye malori. Wenyewe wanaiita blokcheni. Kila mstari umefungwa kwa ule uliotangulia, kama zile mbao za sakafu unazozitengeneza, zinazoumana ulimi kwa mfereji. Huwezi kung'oa wa katikati bila kufumua chumba kizima. Nami hata nikilifumua daftari la kwetu, wale watatu watatazama ya kwao na kusema huyu wa nne amepata wazimu.

Mpe pole rafiki yako. Ila naomba kuuliza: naye ana pikapu ya kijani yenye ngazi juu, na taa ya nyuma iliyofungwa kwa waya?

Mwanao


5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa stendi siku sita kwa sababu karani alisoma "karakana" akadhani ni jina la mtu, akawa anamsubiri.

Bibi yako amehama Jumapili. Nilimfikisha mpaka kwenye geti la huko, nikashusha sanduku na mito, nikapiga honi, nikaondoka kabla geti halijafunguliwa. Ndivyo tunavyofanya. Safari hii alishuka polepole sana.

Haya, ni mimi. Rafiki hayupo.

Kuhusu zile mbao: mwanangu, mimi nimeng'oa mbao ya katikati mara nyingi. Unakata ulimi taratibu kwa msumeno mdogo, unainua, unaweka nyingine, unapaka gundi, na mwenye nyumba halali macho kwa hilo. Kila sakafu ina njia. Hapo ofisini lazima yupo mtu mwenye msumeno mdogo. Mtafute, mnunulie chai.

Mambo yamekaa vibaya. Mwanzoni nilimwambia mama yako mkubwa kwamba Jumanne nakwenda kuchukua mbao. Akasema ghala la mbao liko upande wa mashariki, na Lango la Nne liko magharibi. Nikasema ni kliniki ya mgongo. Sasa ananikanda kila jioni kwa maji ya moto, maji ya moto kweli, mwanangu, na amenishonea mkanda wa kujifunga kiunoni. Wiki iliyopita alisema atanisindikiza kliniki amsalimie daktari. Nikamwambia daktari ni mkali, hapendi wasindikizaji. Akasema, "Basi nitamwandikia barua ya shukrani." Ameiandika. Ninayo mfukoni. Nimeisoma, ni barua nzuri sana, sijui niipeleke wapi.

Usiniulize nakwenda wapi. Si jambo baya, si mwanamke, si pombe. Ni jambo ambalo mtu wa umri wangu anaona haya kulisema.

Na usimwulize baba yako, kwa kuwa hajui chochote kunihusu, na mimi sijui chochote kumhusu, na ndivyo itakavyokuwa. Unajua historia. Babu yako alipofariki mimi nilitengeneza jeneza na huyo ndugu yangu mwashi akajenga kaburi kwa matofali. Jeneza halikuingia. Watu mia mbili walisimama juani saa nzima wakati matofali yanachongwa. Alisema mbele yao kwamba jeneza ni refu. Jeneza halikuwa refu. Nilisema pale pale kwamba si ndugu yangu mpaka akiri kaburi lilikuwa fupi, na miaka kumi na moja sasa hajakiri.

Tafuta mtu wa msumeno.

Baba yako mkubwa


19 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Pole na mgongo, ulio mzima.

Mtu wa msumeno hayupo. Nilimuuliza fundi mkuu wa mitambo, kijana mpole anayekula karanga siku nzima. Aliacha kutafuna. Akaniuliza kwa nini nataka kujua, na tangu hapo akinipita kwenye ngazi ananitazama kama mtu aliyeingiwa na mwizi. Kwa hiyo nakuomba tusiliulize tena hilo.

Nilikuwa nikifikiria lile jeneza. Laiti siku ile vipimo vingeandikwa kwenye madaftari manne, msingekuwa na cha kubishania miaka kumi na moja. Kila mmoja ana namba yake kichwani na hakuna nakala. Sisemi nani alikosea. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nakumbuka jua tu.

Sina ruhusa ya kukuambia ni watu wangapi wameniandikia mwaka huu kuhusu Jumanne. Nasema tu kwamba wewe si wa pekee.

Na kwa kuwa kuna mtu mwingine, simtaji, ameniuliza kama anaweza kukifunika kibandiko kwa karatasi ya foili ili antena isikione, namjibu kila mtu kwa pamoja: usifanye hivyo. Kisiposomwa, kizuizi hakifunguki na kamera inapiga picha.

Mama amepiga simu. Bibi aliteleza bafuni, ameumia kifundo cha mkono. Si kuvunjika. Amefungwa bendeji na anasema haumwi, ila amechoka kuhama. Nadhani ungependa kujua.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Za kifundo nilikuwa nazo, nilizipata kwa njia zangu. Nashukuru hata hivyo. Tumemtumia mafuta ya kuchulia.

Nilifanya ile ya foili.

Ulisema nisifanye, lakini maelezo yako yalikuwa mazuri hivi kwamba mtu anasoma mpaka mwisho akiwa ameshajua namna ya kufanya. Jumanne tarehe 24 nilikata foili kipande safi, nikaibandika juu ya kibandiko kwa gundi. Kosa langu ni gundi. Ile ninayotumia mimi haibanduki. Nimejisifu nayo miaka thelathini.

Nilifika Lango la Nne, kizuizi hakikusogea. Nikarudi nyuma kidogo, nikaja tena polepole. Hakikusogea. Nyuma yangu yalikuwa yamesimama magari kama ishirini, na la kwanza lao lori la mchanga likipiga honi. Akatoka binti mmoja mwenye koti la kung'aa.

"Mzee, kibandiko kiko wapi?"

"Kipo hapo."

"Mbona umekifunika?"

Nikamwambia nakikinga na jua. Akasema hakihitaji kukingwa. Nikamwambia mimi gari langu nalilinda. Akasema, "Vizuri, sasa kifunue." Nikajaribu kwa kucha. Akajaribu yeye kwa funguo. Honi zimezidi, mwanangu, hata basi la shule linapiga, na watoto wanapunga mikono.

Hapo dereva wa lile lori la mchanga akashuka. Mtu tu. Akachukua mwiko wake, akauingiza chini ya foili kwa ncha, akakwangua taratibu kama anayekwangua rangi, akaitoa nzima bila kuchuna kioo. Kizuizi kikanyanyuka. Akarudi kwenye lori lake. Nami nikaenda zangu.

Saa moja baadaye picha ilikuwa kwenye simu ya mama yako mkubwa. Mimi nimeinama juu ya boneti, tumbo limelalia injini, foili imening'inia. Niliporudi nilikuwa nimeshaandaa uongo wa aina tatu. Hakuuliza. Aliitazama, akasema, "Umetoka vizuri," akanimiminia chai.

Mwanangu, hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Baba yako mkubwa


10 Aprili

Baba Mkubwa, shikamoo.

Leo sina habari nyingi. Mvua imenyesha, dirisha linavuja.

Ile picha ilipita mezani kwangu kabla ya kufika kwenu, kwa sababu kila kizuizi kinachokwama kinafunguliwa faili. Kuna picha ya pili ambayo haikutumwa. Ndani yake yumo yule "mtu tu."

Dereva gani wa lori la mchanga anatembea na mwiko wa kujengea? Na huyo mtu tu, Baba Mkubwa, ana pua ya Bibi.

Nimelifunga faili kwa maneno haya: "Kioo kilikuwa kichafu, kimesafishwa." Ni kweli tupu. Lakini mimi nataka kujua.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku kumi na tano. Niliifungia kwenye droo ya misumari, kila nikitafuta msumari naikuta.

Ilikuwa Oktoba, nikitoka kufunga milango ya shule moja huko mbele. Gurudumu la nyuma lilipasuka karibu na mizani ya malori, na jeki yangu nilikuwa nimemwazima mtu. Nilisimama kando ya barabara nusu saa. Lori likanipita, likapunguza mwendo, likasimama mbele kama hatua mia. Nikalijua, ni lile la mchanga la baba yako. Halikurudi nyuma wala halikuondoka. Limesimama tu, taa za hatari zinawaka. Nadhani alikuwa mle ndani anajibishana na nafsi yake.

Mwishowe akaja kwa miguu na jeki. Hakunisalimu. Mimi sikumsalimu. Alifungua nati, nikashika gurudumu. Tulibadilisha bila neno hata moja, na mwanangu, tulifanya vizuri, kama zamani tukiwa vijana tunapaua nyumba za watu. Akachukua jeki yake akaenda.

Jumanne iliyofuata nilijikuta nina shughuli upande ule. Shughuli gani, sikumbuki. Kuna mama anauza chai pale kando ya mizani, ana viti vya plastiki. Lori lilikuwa limeegeshwa. Nilikaa kiti cha mbali. Ya tatu nikakaa cha katikati. Ya tano ndipo alipozungumza. Alisema, "Chai ya hapa ina sukari nyingi." Nikasema, "Nyingi mno." Basi. Tulirudi nyumbani kila mtu akiwa amechoka kama aliyebeba zege.

Sasa tunacheza drafti. Ananiibia, na akinywa bado anavuta midomo vile vile alivyokuwa akivuta akiwa na miaka sita. Kuhusu kaburi hatujasema kitu na hatutasema.

Utaniuliza, kama mmepatana, kwa nini mnajificha? Nikueleze. Mama yako na mama yako mkubwa walikuwa wanashona pamoja, meza moja, vyerehani viwili vinatazamana. Walicheka mpaka wateja wakalalamika. Siku nilipotamka yale maneno makaburini, mama yako mkubwa alichukua cherehani chake akaja nacho nyumbani kichwani. Hakuniuliza kama nina haki. Tangu siku hiyo akimwona mwenzake sokoni anavuka barabara. Kwa ajili yangu. Miaka kumi na moja anavuka barabara kwa ajili ya neno langu, na mimi tangu Oktoba nakunywa chai na yule yule aliyenikosea. Hebu niambie sentensi ya kuanzia. Mimi nimeitafuta, siioni.

Bibi yako amerudi kwetu jana na mkono wake wa bendeji, baada ya kukawia kule mwezi mzima mpaka upate nafuu. Nilipiga honi, sikushuka. Baba yako yuko nyuma ya geti na mito. Tulikuwa tumenywa chai pamoja siku iliyotangulia.

Usimwambie mtu.

Baba yako mkubwa


8 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ofisi, fundi wa karanga akanipita akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, wamefufuka wawili.

Simwambii mtu. Unanijua. Lakini nakuomba kitu kimoja: mwambie Mama Mkubwa mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla ya Jumanne tarehe 26. Usiniulize kwa nini tarehe hiyo. Sentensi ya kuanzia ni hii: "Mke wangu, mgongo hauumi." Zinazofuata zitakuja zenyewe.

Na Bibi, Baba Mkubwa. Mimi huku nasoma safari za watu siku nzima, magari yanayokwenda na kurudi. Sijaona msafiri wa umri wake anayesafirishwa kama yeye. Yeye hana kibandiko, hakuna anayezihesabu.

Tarehe 26. Nimesema yote ninayoruhusiwa kusema.

Mwanao


28 Mei

Mwanangu,

Sikumwambia. Jumatatu jioni nilifika hadi "Mke wangu, mgongo," naye akasema, "Nimeshaweka maji jikoni," basi nikalala kifudifudi nikanyamaza.

Jumanne tulikuwa pale pale, mimi na baba yako, tumevuta viti kivulini mwa lori. Nilikuwa nakaribia kumla kete mbili. Ikaja teksi. Ikasimama hatua chache kutoka kwetu, na katika kiti cha mbele nikaona mkono wa bendeji.

Baba yako akasimama. Mimi nikabaki nimeshika kete hewani. Akashuka mama yako mkubwa kutoka mlango huu, na kutoka mlango ule akashuka mama yako. Wote wamevaa nguo za kitambaa kimoja, na hata mimi nisiyejua mishono niliona kwamba zilikatwa siku moja, meza moja.

Mama yako mkubwa akavuta kiti, akaagiza chai, akamwambia yule mama apunguze sukari. Kisha akanigeukia.

"Mgongo unaendeleaje?"

Nikasema unaendelea vizuri.

"Daktari ndiye huyu?"

Baba yako akajitia kutafuta kitu mfukoni. Mama yako akamwuliza kama lori limeshapimwa leo, maana tangu Oktoba kila Jumanne lina uzito wa ajabu kwenye mizani. Kumbe naye ujumbe wake unaingia kwenye simu ya mkewe. Siku ya kuandikisha, simu yake ilikuwa imeangukia kwenye zege.

Nikamwambia mama yako mkubwa, "Basi mlilinganisha ujumbe wenu."

"Tangu mwezi ule ule wa mwanzo. Lango la Nne saa nne na dakika kumi na moja, na mwenziwe saa nne na dakika kumi na tatu. Nani asiyejua kusoma?"

"Mlilinganisha wapi? Ninyi hamzungumzi. Wewe unavuka barabara."

Wakatazamana. Mama yako ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa. "Shemeji, tulikuwa tunavuka mkiwa mnatazama."

Mwanangu, hawakuacha hata wiki moja. Kila Alhamisi, miaka kumi na moja, wameshona pamoja kwenye chumba cha nyuma kwa mteja wao mmoja. Kile cherehani alichokuja nacho kichwani ni kibovu, kizima alikiacha kule. Na ile miezi yote ya maji ya moto alikuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alitaka kuona nitavumilia mpaka digrii ngapi. Nikajaribu kukasirika, lakini hasira haikupata pa kukaa. Baba yako alianza kucheka kwanza. Nami nikacheka, hata yule mama wa chai akacheka.

Bibi yako hakucheka.

Alikuwa amefungua mlango wa teksi amekaa upande, miguu nje. Akasema, "Oktoba mpaka leo ni miezi mingapi?" Akahesabu mwenyewe kwa vidole. "Nimehama mara sita. Mara sita mmenishusha getini na mito yangu, mmoja anapiga honi, mwingine anajificha nyuma ya geti. Nilidhani nabeba ugomvi wenu. Niliuvumilia kwa kuwa ni wenu. Kumbe haukuwepo. Nimekuwa nikibeba mito tu."

Mimi ni mtu wa miaka sitini na mbili, na baba yako anakimbilia hapo, lakini tulisimama mbele ya mama yetu kama waliovunja dirisha la shule. Baba yako akasema, "Mama, njoo ukae kwangu." Nikasema akae kwangu. Akasema, "Bado mnagombania." Kisha akauliza nani mwingine alijua.

Mama yako akasema wewe. Mama yako mkubwa akasema wewe. Baba yako akatazama chini akasema naye alikuandikia, mwezi wa pili. Nikasema nami.

"Alijua pande zote nne?"

"Alijua."

"Na hakumwambia mmoja ya mwenzake?"

"Hakumwambia."

Bibi akafikiri. Akasema, "Basi nitakaa na huyo."

Tumemwambia chumba chako ni kidogo. Akasema naye ni mdogo. Kwa hiyo mwanangu, anakuja na basi la Jumamosi. Baba yako amechukua tiketi, mimi nimetengeneza sanduku jipya. Natumaini barua hii itakufikia kabla yake, upate kufagia.

Jambo la mwisho. Mama yako mkubwa amepita wapi Alhamisi zote hizo za miaka kumi na moja? Naomba uniangalizie. Nina haki.

Baba yako mkubwa


3 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatatu. Bibi alifika Jumamosi. Nilifungua mlango nikiwa na mswaki mdomoni, dereva wa basi kashika mito mitatu.

Ni mzima. Kifundo kimepona, bendeji anaivaa kwa sababu watu wanampisha. Amechukua kitanda, mimi nalala chini kwenye godoro, na kwa kuwa hakuna nafasi ya kupita, asubuhi ananiruka. Tayari anajulikana ngazi zote tatu za jengo hili. Usiku wa kwanza alikaa muda mrefu ameshika redio bila kuiwasha. Nikamuuliza kama amewakasirikia. Akasema hapana, anazoea tu kuwa mahali ambapo hatakiwi kufunga sanduku.

Kuhusu Alhamisi za Mama Mkubwa: sina kitu cha kukupa. Alikuwa akipanda basi, na basi lina kibandiko kimoja kwa watu sitini. Langoni wote ni gari moja. Naye amenipigia simu Jumapili kuniambia kwamba utaniuliza, na kwamba nikujibu hivyo hivyo.

Bibi ameniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikamweleza yote, antena, vibandiko, madaftari manne. Alisikiliza vizuri. Akauliza, "Na mtu akiwa mkubwa, ana cheo, hawezi kufuta?" Nikasema hawezi. "Akilia?" Hawezi. Akatikisa kichwa akasema hayo madaftari wangeyaleta mapema.

Anasema mje Jumapili tarehe 14. Nyote wanne, kwa gari moja. Nimemwambia ni nusu siku ya safari na pikapu yako mtabanana vibaya. Amesema anajua. Kisha akaniuliza kama siku ya Jumapili ofisi yetu huwa wazi, mtu apate kutazama ni vibandiko vingapi vimepita Lango la Nne.

Nimemwambia iko wazi.

Mwanao